Kiti Chekundu cha Mama Viti

Ndugu wafiwa, wakwe, majirani, wateja, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu asubuhi hii ya Alhamisi mkaja kutushika mkono, familia imempa shemeji wa marehemu, yaani mdogo wa mumewe, Fundi Saa, na ambaye pia ni dereva wa lori la viti kwa miaka kumi na tisa, kazi ya kuwasomea historia hii, na ameonywa asizidishe karatasi mbili, tena asome polepole, na hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu hakuna aliyefanya kazi na mwanamke huyu akabaki na mwendo wa polepole. Basi mvumilieni.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Viti, na pengine leo ndiyo mara ya kwanza mnamwona ametulia, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika zahanati iliyo nyuma ya kituo cha treni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mpiga chapa na mama yake mshona magauni, na mama huyo alipenda kusimulia kwamba mkunga alikuwa bado anavaa glovu, kufumba na kufumbua mtoto akawa ameshafika. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hatuna ushahidi kwamba alisimama kupumzika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978, ambako mwalimu wa hesabu, baada ya kuchoka kumwambia kaa chini, kaa chini, kaa chini, alimkabidhi kazi ya kupanga madawati ya darasa zima, akidhani anampa adhabu, kumbe anampa riziki, maana binti alikuja na kamba, akaivuta kutoka ukuta hadi ukuta, na madawati yakanyooka kiasi kwamba mwalimu mkuu alileta wageni kuyatazama.

Mwaka 1980 aliajiriwa kama mfagizi katika ukumbi wa mikutano, akadumu hapo miaka saba, na tarehe 11 Mei 1987 aliacha kazi na kuondoka na viti arobaini vilivyokuwa vimetupwa uani kwa kulegea miguu, akavikaza skrubu moja moja katika korido ya vyumba viwili alivyopanga na mumewe, wapangaji wenzao wakipita kwa ubavu miezi mitatu mizima bila kumgombeza, na huo ndio ukawa mwanzo wa biashara ya kukodisha viti na maturubai ambayo leo ina malori mawili, wafanyakazi kumi na wanne, na viti zaidi ya elfu mbili, vikiwemo hivi mlivyokalia.

Kuhusu ndoa, alifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Septemba 1984 na kaka yetu Fundi Saa, mtu ambaye tangu asubuhi hadi jioni hukaa kwenye kibanda chake pembeni ya posta, lenzi jichoni, hatikisiki, na jinsi hawa wawili walivyopatana sisi nduguze hatujaelewa mpaka kesho, isipokuwa tunajua kwamba shemeji alipeleka saa yake ya mkononi ikatengenezwe, akakataa kabisa kukaa kwenye stuli ya wateja, na fundi akamwambia saa hiyo ina ubovu mkubwa, itabidi arudi mara nne, na alikuja kukiri baada ya kupata watoto watatu kwamba haikuwa na ubovu wowote ila vumbi.

Watoto hao ni kifungua mimba, binti, aliyezaliwa mwaka 1986, wa kati, mvulana, mwaka 1989, na kitinda mimba, binti, mwaka 1994, ambaye mama yake alikwenda kumzaa akitokea moja kwa moja kushusha viti, na jambo la kwanza alilomwomba muuguzi ni ruhusa ya kunyoosha mabenchi ya wanaosubiri. Alilea familia kama alivyoendesha biashara, kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa jiko, na mtoto aliyetaka kulala kwa shangazi aliandika barua ya kuomba likizo, na mume aliyesahau kununua mkate alipewa onyo la maandishi, naye Fundi Saa anayo maonyo saba, ameyatunza yote kwenye droo ya mikanda ya saa. Tulicheka sana katika nyumba ile, hilo liandikwe, vicheko vya kuvunja mbavu, lakini mezani viti vilikuwa vitano, na cha tano hakikukaliwa, kwa sababu yeye alikula amesimama, sahani mkono mmoja na simu mkono mwingine, na ukimwambia keti, jibu lilikuwa moja tu, nakaa sasa hivi.

Ijumaa tarehe 8 Oktoba 2004, kifungua mimba alipomaliza sekondari, mama alikuwepo kwenye mahafali, lakini alikuwepo nyuma, kwa sababu viti vilikuwa vyake na vilipungua sita, na wazazi walipoombwa wasimame wapigiwe makofi, yeye alikuwa ameshasimama tangu asubuhi, na binti alipotazama mbele akaona baba yake peke yake na kiti kitupu pembeni yake, akalia. Haya siyo ya kufichwa, binti mwenyewe ameridhia yasomwe.

Kesho yake Fundi Saa alikwenda kwa seremala akaagiza kiti cha mbao nzito, kisichokunjika wala kupangwa juu ya kingine, akakipaka rangi nyekundu ili kisichanganyike na vya biashara, akampa mkewe, na mkewe akafurahi mno, akakikalia dakika tatu, na wiki mbili baadaye akakikodisha. Mteja alikuwa amepungukiwa kiti cha mgeni rasmi, angefanya nini, alisema, na kiti kikapendwa, kikaanza kuulizwa kwa jina, wakurugenzi na wachungaji wakakikalia, kikawa hakionekani nyumbani kila mwisho wa wiki kwa miaka karibu ishirini, na Fundi Saa, kila akikiona kinapanda lori, alimtazama mdogo wake dereva kwa jicho la pembe, kana kwamba dereva ndiye aliyepokea oda.

Hatuwezi kuruka harusi ya mtoto wa kati, Jumamosi tarehe 13 Agosti 2016, ambako baba wa bibi harusi alisimama kutoa nasaha, na Mama Viti, ambaye kwa macho yake mtu aliyesimama ni kiti kilichobaki bure, alikikunja kile kiti akakipeleka kwenye lori, naye mkwe alipomaliza akarudi kukaa, kilichotokea mnakijua wenyewe. Mkwe wetu yuko hapa leo, alitusamehe siku ile ile, ila tumemwona asubuhi hii akipapasa nyuma yake kabla ya kukaa, na tunamwelewa.

Mwezi Februari 2022 miguu ilianza kumvimba, na madaktari wakagundua kuwa moyo umechoka, wakamwamuru akae, neno alilokwepa maisha yake yote, hivyo tarehe 1 Machi mwaka huo alimkabidhi kifungua mimba funguo za ghala, na ole wetu, tukagundua kwamba pamoja na funguo alimkabidhi na mwendo, maana binti naye alianza kula amesimama, naye akaanza kusema nakaa sasa hivi, na kiti chekundu kikaendelea kupanda lori, safari hii kwa oda za mtoto.

Jumapili iliyopita, tarehe 2 Juni 2024, kiti hicho kilikuwa kimeagizwa kwa sherehe, na Mama Viti akampigia binti yake simu kwamba leo hakiendi, mteja aambiwe hapana, na katika miaka thelathini na saba hatukuwahi kumsikia akimwambia mteja hapana. Tulikirudisha nyumbani, akakikalia, akala chakula cha mchana chote pamoja na mumewe, kwa muda wa saa moja na dakika kumi na mbili, Fundi Saa alipima, na sisi badala ya kufurahi tuliingiwa na hofu. Alimwomba kifungua mimba naye akae, lakini lori lilikuwa linangoja, binti akajibu nakaa sasa hivi, mama, akatoka. Alfajiri ya Jumatatu marehemu alibanwa na pumzi, akapelekwa hospitali, na akafariki saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimvumilia akiwapangia stuli zao, majirani waliopika na kuosha bila kuombwa, wafanyakazi kumi na wanne, na mshindani wake mkubwa wa mtaa wa pili, waliyekuwa wakigombania naye harusi zile zile miaka yote, ambaye jana alishusha viti mia mbili hapa, akaondoka.

Karatasi ya pili imekwisha, lakini kuna jambo halikuandikwa. Fundi Saa amekaa hapa mbele, na pembeni yake kipo kiti chekundu, kitupu, na mwenye zamu ya kukikalia yuko kule nyuma, tunamwona, ameshaanza kukunja viti na watu hawajaondoka. Mwanangu, ulivyotoka Jumapili baba yako alitaka kukuita urudi, mama yako akamshika mkono, akacheka, akasema mwache, huyo ni mimi mtupu, atakaa. Hakuwa na kinyongo hata punje. Viti tutakusanya sisi. Njoo ukae na baba.

Nawe shemeji, wengine huambiwa wapumzike, wewe neno hilo ungelikataa, basi tunakuambia unalolijua: keti kwa amani.