Nyasi Hazina Zamu

Macho hayana pazia, lakini mama mmoja, fundi cherehani, aliyekaa basini nyuma ya bwana shamba na mkulima mzee, aliyafumba yake kama aliyelala, akayaachia masikio kazi.

"Mzee wangu, mto unakauka," bwana shamba alimwambia mkulima. "Wa bondeni hawana hata maji ya kunywa. Shamba lote tupande nyasi za malisho. Mvua inazitosha, na udongo utapumzika."

"Na zamu yangu ya mfereji?"

"Ya nini tena? Nyasi hazimwagiliwi."

Mzee alikohoa. "Tangu mke wangu afariki, mwanangu, mlango wangu unagongwa na mtu mmoja tu. Jirani akimaliza zamu yake huja kuniita, 'Mzee, maji yako hayo!' Siku nyingine hukaa, tukanywa chai."

"Si atakuja tu kukusalimia?"

"Mbona siku zisizo na maji haji?"

Fundi alikuwa na la kusema, ila aliyelala hatoi ushauri. Basi likasimama kituo cha mwisho. Bwana shamba akashuka akitikisa kichwa.

Mzee akainama juu ya kiti cha fundi. "Mama, amka, tumefika."

Fundi, ambaye nyumbani kwake hakuna wa kumwamsha, hakufumbua macho. Alingoja aitwe mara ya pili.