Njooni Tusome: Kumkumbuka Profesa Viateur Sibomana

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache. Leo tunamkumbuka Profesa Viateur Sibomana wa Gisenyi. Aliaga dunia mwezi uliopita, Julai mwaka huu wa 1958, siku chache baada ya shule kufungwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa mwalimu. Alikuwa mshairi pia, na hilo wengi wenu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mimi ninayezungumza nanyi, Nsengiyumva, nilikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo msishangae sauti yangu ikibadilika kidogo.

Viateur alizaliwa Nyamyumba, kando ya ziwa Kivu. Baba yake alikuwa mvuvi. Mama yake alitaka padri nyumbani, basi kijana akapelekwa seminari. Akakaa miaka tisa, akatoka kabla ya kupewa daraja la upadri. Mnajua kwetu mtu aliyetoka seminari anavyotazamwa. Hakufanya kosa lolote, lakini kila anayekutana naye anatafuta kosa. Mama yake alikufa bila kumuuliza sababu, naye hakuoa. Akaja mjini, akapata kazi ya kufundisha lugha katika shule ya sekondari, na sisi tukamwita profesa, kama tunavyowaita wote wanaofundisha huko.

Alipanga chumba katika mtaa wa Waswahili, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani Muhamadi na mkewe Saidati. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili vizuri, na ni kwa Kiswahili alitunga mashairi yake. Darasani tulifundishwa kwa Kifaransa. Nyumbani watu walisema Kinyarwanda. Walimu wenzake walimcheka: lugha ya sokoni, Profesa? Naye alijibu kwamba sokoni ndiko watu wanakosikilizana.

Wasikilizaji wapendwa, kama hamjawahi kuiona shule siku ya kufungwa, niwaelezee. Majina yanasomwa uani, wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho anatazama viatu vyake, kama anavyo. Kisha masanduku yanatoka, magodoro yanakunjwa, malori yanapiga honi. Profesa Viateur alishika masanduku yetu upande mmoja na kutusindikiza mpaka barabarani, hata sisi aliotupa sifuri. Lori likiondoka, alirudi darasani. Alifuta ubao. Aliokota vipande vya chaki na kuvitia mfukoni. Mlinzi wa shule, mzee Bizimana, aliniambia kwamba siku hiyo Profesa alifuta ubao ule ule mara mbili au tatu, ingawa hapakuwa na kitu juu yake.

Halafu alikwenda chumbani kwake. Na likizo ikaanza, wiki baada ya wiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Julai 1953, Profesa aliamua kuwasomea watu mashairi yake. Alikuwa hajamsomea mtu hata mmoja. Alichana karatasi tatu za daftari la miraba, akaandika mwaliko mmoja mara tatu. Moja akaibandika mlangoni pa darasa letu. Ya pili akampa fundi Muhamadi aitundike dukani. Ya tatu akaipeleka Nyamyumba kwa dada yake, Mukagatare, akamsomea ili neno liwafikie wavuvi. Iliandikwa hivi: "Jumamosi saa kumi, nyumbani kwangu. Njooni tusome. Viateur."

Njooni tusome. Ni hayo tu. Mtu aliyetukata alama kwa koma moja hakuona haja ya kueleza tutasoma nini.

Sisi wanafunzi tulisoma mwaliko ule tukaingiwa na hofu. Mitihani imekwisha, na huyu anataka tusome tena? Tulidhani ni masomo ya ziada. Mimi nilidandia lori la Ruhengeri Jumamosi ile ile asubuhi, sanduku langu halijafungwa vizuri. Nilicheka njia nzima.

Majirani je? Nilimuuliza mama Saidati wiki iliyopita. Alisema: "Mi nilifikiri ni kusoma misa. Profesa alikuwa mutu ya seminari, si ndiyo? Na siye ni Waislamu. Nikamwambia bwana wangu, tumukopeshe viti, tumutumie mandazi, lakini kuingia hapana. Tulibakia nyuma ya ukuta, tunasikia anapanga viti."

Viti kumi na viwili, wasikilizaji wapendwa. Wakaja watu watatu.

Walikuwa wavuvi wa Nyamyumba. Mmoja ni Phocas Hitimana, mume wa Mukagatare, shemeji yake Profesa. Na hao watatu walikuja kwa sababu ya neno lile lile. Maana kwa Kinyarwanda gusoma ni kusoma barua, na gusoma pia ni kunywa funda la pombe. Mtu akikuambia njoo usome, nawe unatoka ziwani na koo limekauka, hutafikiri daftari.

Phocas amenieleza mwenyewe: "Tulikuta birika ya chai. Bon, tukakunywa chai. Tukasema urwagwa, pombe ya ndizi, itafuata. Yeye akasimama na kikaratasi, akaanza kusema mambo ya mzee wao, namna alikuwa anashona wavu. Muzuri sana. Mi nikafikiri ni sala ya kumukumbuka mzee kwanza, kisha tukunywe. Akamaliza. Akatuangalia. Hakuna pombe. Nikaona pengine imekataa kuiva, na yeye iko na haya ya kusema. Donc nikamusaidia. Nikamwambia: shemeji, usisikitike, haiyaiva. Ikiiva utatuita."

Wakamshukuru kwa chai, wakaondoka.

Nataka mlielewe vizuri jambo hili, kwa hiyo nalirudia. Phocas alizungumzia pombe ya ndizi. Profesa alisikia hukumu juu ya shairi lake. Alikuwa amesoma shairi la baba yake mbele ya watu wa baba yake, na mkubwa wao akasema halijaiva, likiiva utatuita. Hakuuliza. Hakukasirika. Aliwarudishia majirani viti vyao, viwili viwili, mpaka vyote vikaisha.

Tangu siku hiyo hakualika mtu tena.

Kila Julai aliuambia uongozi wa shule kwamba anakwenda kupumzika kwa dada yake. Na kila Julai alimwambia dada yake kwamba ana kazi nyingi shuleni. Mukagatare alisema nami huku akishika kitenge chake kwa mikono miwili: "Aliniambiaka masomo haimuachi. Mi nilikuwa najivuna. Nasema, ndugu yangu ni mutu mukubwa, hata likizo hana. Na kumbe iko peke yake mule ndani, hatua mbili na watu."

Alikuwa chumbani, anarekebisha mashairi. Asubuhi alinunua mkate. Mchana aliandika. Jioni alitembea ufukweni, akawaamkia watu, nao wakamwitikia, kisha akarudi. Saidati alimsikia akisema peke yake nyuma ya ukuta, akadhani anasali. Akawa anawanyamazisha watoto kwa heshima. Likizo tano zilipita hivyo.

Mwaka huu, siku ya nne baada ya malori kuondoka, Saidati hakusikia sauti. Asubuhi ya pili akasukuma mlango. Ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Daktari alisema ni homa ya mapafu.

Madaftari yake yalikuwa kumi na moja, mezani, yamepangwa vizuri. Mukagatare hajui kusoma, basi akanipa mimi niyafungue, kwa kuwa alisikia kwamba nilifundishwa na ndugu yake. Hili hapa shairi moja, aliloliandika Julai 1955:

Mlango nimerudisha, haufungwi kwa ajao,
Na chai nimeipasha, nangoja sauti zao,
Na masomo yamekwisha, wote wamekwenda kwao,
Sauti nimeishusha, nasomea viti vyao.

Mimi si mshairi. Lakini nimelisoma shairi hili zaidi ya mara ishirini, na bado sijaona nini kingepaswa kuongezwa.

Kwenye matanga, Nyamyumba, watu walijaa mpaka njiani. Walimu walikuja. Wanafunzi walikuja kutoka mbali. Muhamadi na Saidati walikuja na nusu ya mtaa. Nikasimama, nikasoma lile shairi la baba na wavu. Nikawaambia pia kwamba chini ya kila shairi, katika madaftari yote kumi na moja, Profesa ameandika neno moja na tarehe. Julai 1953: halijaiva. Julai 1954: halijaiva. Na kuendelea hivyo hivyo, mpaka juma alilokufa.

Phocas alikuwa amekaa mbele. Akasema, taratibu, kana kwamba Profesa yupo pale na bado anaweza kueleweshwa: "Shemeji, mi nilisema pombe."

Mukagatare alimshika mkono.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Mukagatare, dada wa marehemu. Tunatoa pole kwa Phocas, na tunamwambia hadharani kwamba hakuwa na nia mbaya, kila mtu wa Gisenyi analijua hilo. Pole kwa Muhamadi na Saidati, pole kwa walimu na wanafunzi wote aliowabebea masanduku. Mungu amlaze mahali pema Profesa Viateur Sibomana.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba ufikiri kidogo kabla ya kuzima redio. Pengine kuna mtu aliwahi kukusomea kitu alichokiandika mwenyewe, barua, wimbo, chochote, nawe ukaondoka bila kumwambia ulichosikia. Mrudie. Mimi nilipita Gisenyi mara nne tangu mwaka ule wa mwaliko, uliokuwa wangu wa mwisho shuleni, na kila mara nilisema nitabisha kwake safari ijayo.