Mwalimu Alivyosoma

Ndani ya basi la kwenda Nuu, Mzee Musyimi alimwona mama wa kiti cha pili akiichekea simu, akashindwa kunyamaza, jambo ambalo hakuwahi kuliweza.

"Simu hizi! Miaka ya themanini tulipendana kwa barua."

"Hata mimi, mzee. Bwanangu aliniandikia kutoka Mombasa, mwalimu wa kijiji akanisomea. Maneno matamu, we! Halafu nikaingia darasa la ngumbaru, nikajua kusoma. Kumbe barua zote zilisema: uza mbuzi, nunua jembe."

Musyimi alishika fimbo kana kwamba mwalimu yuko mbele yake. "Ai! Ukamfanya nini huyo mtu?"

Basi likasimama. Mama akainua kiondo, akitabasamu.

"Barua iliyofuata nilimpelekea tena anisomee."