Nukta ya Buluu Kwenye Kona ya Kioo

Risala ya wafanyakazi wa Chumba cha Hadubini kwa Mkurugenzi wa Hospitali, siku ya kuzindua mashine ya kusoma damu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu; madaktari na watafiti mliokaa mbele; wenzetu wa kompyuta mliojibanza karibu na soketi; nanyi mliosimama nyuma kwa sababu tumeazima viti vya korido nzima na bado havikutosha: hamjambo nyote?

Tuliambiwa risala isizidi dakika kumi. Tumeipima kwa saa ile ile tunayopimia muda wa kutia damu rangi, ikatoka dakika tisa. Mkicheka sana itafika kumi na mbili, na hilo litakuwa kosa lenu.

KARIBU KWETU

Mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi leo tumepona kweli. Dirisha lililokwama tangu mwaka juzi limefunguliwa asubuhi hii kwa ajili yako. Sakafu imepigwa deki mara tatu na Mzee Povu, mwoshaji wetu wa vioo, ambaye alimkataza mtu yeyote kukanyaga mpaka upite wewe kwanza. Wenyewe tumeingia kwa kuruka.

Sisi ni watu sita na kazi yetu ni moja. Damu ya mgonjwa inadondoshwa kwenye kipande cha kioo, inatiwa rangi, nasi tunaiinamia kwenye hadubini kutafuta vijidudu vya malaria. Ukimwona mtu hapa hospitalini anatembea shingo mbele kama aliyeangusha sindano, ujue huyo ni wetu.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilianza na hadubini moja na Shangazi. Shangazi ni yule wa safu ya pili, mwenye kilemba cha kijani, anayejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Yumo humu mwaka wa thelathini na moja. Si shangazi wa damu kwa yeyote kati yetu, lakini ndiye aliyetufundisha sote kusoma vioo, na ndiye anayetuuliza kila siku kama tumekula.

Mwaka wake wa tatu kazini, Shangazi aliona kijidudu kwenye damu ya mtoto. Kimoja tu. Akamwita msomaji wa pili athibitishe. Yule akatafuta kidogo, akachoka, na majibu yakaandikwa kuwa mtoto ni mzima. Siku ya tatu mtoto akarudishwa akiwa hoi. Mtoto alipona, Shangazi hakupona. Tangu hapo, kila kioo anachokishuku kuwa na kijidudu, hata kimoja, anakiwekea nukta ndogo ya wino wa buluu kwenye kona, na sisi tukarithi mtindo huo. Chumbani kwetu nukta ina maana moja: rudi hapa, angalia tena. Kioo chenye nukta hakitoki mpaka kisomwe na mtu wa pili, hata kama ni saa ya kula, hata kama mtu wa pili amenuna.

FURAHA YETU, NA AIBU ILIYOITANGULIA

Miaka miwili iliyopita madaktari watafiti na watu wa kompyuta walitujia na jambo jipya. Walitaka kuifundisha kompyuta kusoma damu. Wangepiga picha vioo vyetu elfu nane vya kabatini, kona hadi kona, waioneshe programu ipi ni damu ya mgonjwa na ipi ni ya mzima, nayo ijifunze tofauti yenyewe. Hatufichi, tuliogopa. Mmoja wetu aliuliza kama hiyo kompyuta nayo itakuwa inakwenda likizo.

Jaribio la kwanza, kati ya vioo mia ilipatia tisini na nane. Jamani! Fundi wa kompyuta alimkumbatia daktari, daktari akamkumbatia Mzee Povu pamoja na ndoo yake. Keki ikaagizwa. Kisha vikaletwa vioo mia vya hospitali nyingine, ambako watu hawana desturi zetu, na programu ikapatia hamsini na tatu. Hizo hata mtu aliyefumba macho anazifikia kwa kubahatisha. Wiki tatu nzima watu walikuna vichwa. Wakabadilisha kamera, wakabadilisha taa, wakalaumu umeme.

Aliyeona ni Mzee Povu. Alikuwa anapita na beseni lake, akasimama nyuma ya fundi wa kompyuta na kuangalia zile picha kwenye skrini.

"Mwanangu," akasema, "hii mashine yako inasoma damu au inasoma nukta za Shangazi?"

"Nukta gani, mzee?"

"Hizo hapo kwenye kona. Mimi ndiye ninayezisugua vioo vikishamaliza muda wake, zinanitoa jasho. Chenye nukta ni cha mgonjwa. Hata mimi nisiyesoma damu nalijua hilo."

Fundi akainuka. Alichukua kioo kitupu, Mzee Povu akakidondoshea tone la chai yake, wakaweka nukta ya buluu kwenye kona. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu: ana malaria. Mgeni rasmi, chai ilikuwa na malaria! Tulicheka mpaka muuguzi wa wodi ya jirani akaja kutunyamazisha. Naye alipoelezwa, akacheka kutushinda.

Hatukumwona Shangazi akitoka. Tulimkuta stoo, kati ya chupa za rangi, analia kwamba ameharibu kazi ya watu. Tukamwambia kosa moja haliachi mke. Hakusikia.

Basi tukaanza upya. Vioo elfu nane vilifutwa nukta kimoja kimoja, kwa pamba na spiriti, miezi mitano, na picha zikapigwa tena. Leo tunakuletea matokeo tukiwa tumesimama wima. Programu inapatia tisini na tatu kwa mia hapa kwetu, na tisini na mbili kule kwa wenzetu. Vioo ambavyo mashine na Shangazi hawakukubaliana vilipelekwa kwenye kipimo cha vinasaba kiamue ugomvi. Mara nyingine alikosea Shangazi, naye alikubali, ingawa alinuna hadi jioni. Mara nyingi zaidi ilikosea mashine. Lakini wakisoma wote wawili, na kila wanapobishana kioo kikaangaliwa tena, wanapatia tisini na tisa. Hayo ndiyo matokeo yaliyokubaliwa na jarida la utafiti, na ndiyo yaliyotukusanya hapa. Watafiti wameyapa jina refu sana, sisi tunaona ni ile ile nukta.

Na tuseme kweli, mashine tumeipenda. Inamaliza vioo mia wakati sisi tuko kwenye cha tatu. Majibu yaliyokuwa yakingoja hadi kesho sasa yanatoka mama akiwa bado kwenye benchi na mwanawe. Tumeipa jina la Mke Mwenza, kwa sababu haiishi kubishana na Shangazi.

YANAYOTUSUMBUA

Viti vyetu vimelegea. Cha dirishani kina miguu mitatu na kitabu. Mlango nao haufungi vizuri, ndiyo maana mengine yanayosemwa koridoni yanatufikia bila sisi kuyatafuta.

Kwa mfano, yametufikia kwamba katika rasimu ya ripoti kubwa ya utafiti huu, nukta za Shangazi zimetajwa mara moja tu, ukurasa wa arobaini, kwa maneno haya: uchafu wa wino.

Yametufikia pia kwamba Shangazi amekuandikia barua ya kuomba kustaafu miaka minne kabla ya wakati wake. Sababu aliyoandika ni kwamba hataki tena kuharibu kazi za watu. Barua iko mezani kwako inangoja sahihi, na Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho.

Shangazi, keti. Tulipoandika tulijua kwamba hapa utainuka. Nakala uliyooneshwa jana ilikuwa ya viti tu. Tuwie radhi.

Tuna jambo la kukiri mbele ya watu. Tulipokuwa tunafuta vile vioo, tulihesabu. Kila msomaji ana nukta yake. Ya Shangazi ni ndogo na ya duara, zetu ni za haraka, zimeota mkia. Kati ya zile zote zilizoidanganya mashine, za Shangazi hazikufika hata robo. Zilizobaki ni zetu sisi aliotufundisha. Kwa hiyo aibu aliyokwenda kuililia stoo ilikuwa yetu sote, na tulimwacha aibebe peke yake kwa sababu tulikuwa tunacheka chai. Linatuuma hilo, Shangazi, na hatukujua tulisemee wapi pengine.

MAOMBI

Mficha uchi hazai. Ombi la kwanza ni viti. Hilo tumeliweka ili risala ifanane na risala.

La pili, maneno "uchafu wa wino" yaondolewe kabla ofisi yako haijapitisha ripoti. Iandikwe ilivyokuwa: kwamba chumba hiki kina utaratibu wa kuangalia tena, ulioanzishwa na msomaji wetu mkuu, kwamba mashine iliufananisha na ugonjwa, na kwamba utaratibu huohuo ndio uliotufikisha tisini na tisa.

La tatu ni barua. Mgeni rasmi, mashine inahitaji mtu wa kubishana naye. Sisi wengine ikitukatalia tunanywea. Shangazi hanywei. Juzi tulimsikia akiiambia, "Wewe mtoto wa juzi, hebu tazama vizuri," na kioo kilipotazamwa tena, kweli mashine ilikuwa imekosea. Kulikuwa na mgonjwa mwenye kijidudu kimoja. Kimoja tu.

Hatusemi uichane barua. Wewe ndiye mkubwa wetu na uamuzi ni wako. Ukirudi ofisini utaikuta juu ya mafaili mengine. Usituulize nani aliingia wala kwa ufunguo gani, maana tarishi ana watoto. Utaona tu kwamba kwenye kona ya juu ina nukta ya buluu. Maana yake umeshaijua.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, awape watafiti wetu subira ya kuanza upya kila inapobidi, awaponye wanaongoja majibu kwenye benchi hivi sasa, na aizidishie heri kalamu yako.

Ni sisi, wasoma vioo na mwosha vioo wa Chumba cha Hadubini. Tumesaini watano. Mstari wa sita tumeuacha wazi, ni wa Shangazi, atausaini Jumatatu.