Sahihi ya Masikio kwenye Kadi ya Mashine Namba Nne

Ndugu yetu tunayemwita Masikio anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha sarafu kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Aliingia kama mpakuaji wa mikanda ya chuma kutoka kwenye malori, na anatoka akiwa kiongozi wa zamu katika ukumbi wa chapa. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja na nusu na kuniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila lipo jambo moja la aibu ambalo siwezi kuliacha nje, na aibu yenyewe si yake.

Kwa wageni na familia, nieleze kidogo tunachofanya humu. Mkanda wa chuma huingia kwenye mashine ya kukata, ukatoka umetobokatoboka kama chujio, na visahani vilivyokatwa huangukia kwenye pipa. Visahani hivyo hupita kwenye tanuri ili vilainike, huoshwa kwa dawa hadi ving'ae, kisha huinuliwa ukingo. Mwisho huletwa kwetu. Kila kisahani hukaa ndani ya pete ya chuma, na vyuma viwili vyenye picha, ambavyo tunaviita chapa, hukibana juu na chini kwa nguvu ya tani sitini. Mashine moja hutoa sarafu mia saba kwa dakika. Ukipiga chafya mbili, zimeshapita hamsini.

Masikio amepita idara zote hizo. Kwenye tanuri alikaa miaka mitano, na nyusi zake hazijarudi vizuri mpaka leo. Kwenye kuosha alikaa mitatu, na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema miaka hiyo mashati ya mumewe yalianikwa kwenye kamba yao peke yao kwa sababu ya harufu ya dawa. Jina la Masikio alilipata ukumbi wa chapa. Siku moja alikuwa anapita karibu na mashine namba sita, vizibo vya masikio vikiwa mahali pake, akasimama na kusema chapa inapasuka. Fundi wa mashine akacheka. Walipofungua wakakuta ufa mwembamba kama unywele, na yule fundi akanunua soda wiki nzima.

Tena ana chuma gotini tangu alipovunjika kwenye mechi ya idara. Kwa hiyo kila anapotoka kazini mlango wa ukaguzi hupiga kelele, naye hupekuliwa upya kana kwamba ameanza kazi jana. Hajawahi kununa. Husimama mikono juu huku akisimulia habari za nyumbani, na leo askari wa getini wanawajua watoto wake kuliko sisi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Miaka kumi na miwili iliyopita nafasi ya mkuu wa ukumbi ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni ya Masikio. Wiki hiyo hiyo mwenzake mmoja alibadilisha chapa ya chini kwenye mashine namba nne. Zipo skrubu nne za kukaza. Halafu kila nusu saa unatakiwa uchukue sarafu moja, uishike juu na chini kwa vidole viwili, uigeuze, na uone kama picha ya upande wa pili imesimama wima. Ikiwa sawa, unaweka alama kwenye kadi. Mwenzake huyo alikaza skrubu tatu, akaitwa kwenye simu, akarudi na kuwasha mashine. Alama zote nane za zamu ya saa nne alikuwa ameshaziweka mwanzoni ili asisumbuke.

Nimeandika "mwenzake mmoja" katika rasimu tatu. Ni mimi.

Chapa ilizunguka kidogo kidogo kwa kila pigo, na mpaka zamu inaisha picha ilikuwa imesimama kichwa chini. Sarafu hizo zilichanganyika na za mashine nyingine tatu, na zaidi ya laki sita zikarudi kuyeyushwa. Chini ya ile kadi palikuwa na sahihi ya kiongozi wa zamu. Masikio alisaini kwa sababu aliona alama nane, na kwa sababu aliyeziweka ni mimi.

Kwenye kikao cha uchunguzi nilikaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Mwenyekiti alipouliza nani anawajibika, Masikio aliitazama kadi, akasema, "Sahihi ni yangu. Nilisaini bila kugeuza hata sarafu moja." Nilinyamaza. Nilikuwa na sababu zangu, na sitaziandika hapa maana hazina uzito. Kwenye faili lake wakaandika uzembe. Miaka miwili baadaye nafasi ile wakanipa mimi, na tangu hapo ananiita bosi. Kila akiniita nasikiliza kama kuna kejeli ndani yake. Haipo.

Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wa kubandika kwenye kadi ile sarafu iliyokaguliwa, kila nusu saa, ili alama isiwe maneno matupu. Tangu hapo haijatoka hata sarafu moja iliyopinduka. Kwa utaratibu huo nimepongezwa mimi, mara mbili. Binti yake, fundi mitambo mzuri kabisa, alipoomba kazi hapa, mmoja wa waliomsaili alimuuliza kama yeye ndiye mtoto wa yule wa sarafu zilizopinduka. Kazi hakupata. Nilikuwa kwenye meza hiyo, nikainamisha kichwa kama ninayesoma.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake kuchukua maelezo ya wasifu huu. Alinisimulia mwaka baada ya mwaka. Tulipoufikia ule, akaweka kikombe chini akaniambia niuruke, niandike mengine. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema aliijua skrubu ya nne siku ile ile; aliikuta imelegea, akaikaza mwenyewe.

"Nilikuwa nakungoja useme," akasema. "Baadaye nikaacha kungoja."

Jumatatu nilimkabidhi mkurugenzi barua. Nimeomba lile neno "uzembe" litolewe kwenye faili lake na liwekwe kwenye langu, na binti yake aombwe radhi kwa maandishi. Sijajibiwa, na huenda mtakaposoma haya ukumbi utakuwa na mkuu mwingine.

Kaka, asante kwa miaka thelathini na minne. Sisi sote wa ukumbi wa chapa tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku ndefu za utulivu na shemeji na watoto. Mwaka ule sikuuruka kama ulivyoniagiza. Nimesema, kaka, lakini nimesema siku unayoondoka.