Sifa Moja ya Eufrazia

Kwenye bajaji ya kuchangia iendayo Msasani, Eufrazia alikaa katikati ya watu wawili asiowajua. Alikuwa anakwenda kuomba kazi ya upishi, na barua ya bosi wake wa zamani ilikuwa ya Kiingereza, lugha aliyoachana nayo darasa la tano. Kwa aibu akamwomba mama wa kulia amsomee.

"Anasema wewe ni *upright*," mama akasema. "Yaani mnyoofu. Huibi, hudanganyi. Hongera, mwanangu."

"Si lile neno la kwenye boksi la friji?" dereva akadakia. "Maana yake usilaze."

"Wewe endesha."

Mzee wa kushoto, mwenye kanzu, akauliza, "Hakuna neno la pilau humo?"

"Hakuna, mzee wangu."

"Wali?"

"Hakuna."

"Basi hajui kupika. Mie nina mgahawa miaka thelathini. Mpishi mzuri anasifiwa mchuzi kwanza."

"Na sukari ikiibwa jikoni kabla ya mwezi kuisha, mtakula huo mchuzi na chai? Uaminifu ndio kazi yenyewe!"

"Uaminifu hauliwi, mama."

Walibishana mbele ya pua yake kana kwamba alikuwa kifurushi cha mtu. Mwishowe mama, akiwa na hakika ya ushindi, akamgeukia. "Mwambie mzee, mwanangu. Si unajua kupika?"

Eufrazia akaitazama barua.

"Wali naunguza," akasema.

"Umeona!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na bajaji ikasimama.