Fundi Meno na Koti Lililokataa Kukauka

Binti mkubwa alitaka habari za macho zisiandikwe kabisa kwenye wasifu wa baba yake.

"Mama, watu wanakuja kuzika. Hawaji kusikiliza mambo ya mwanasesere."

"Huyo ni askari," mjane akamjibu. "Mwanasesere ni wewe, uliyejipodoa tangu saa kumi na mbili asubuhi."

Kaka mtu, dereva wa lori, alikuwa ameshatoa kalamu ya wino mfukoni. Alisema atamtia askari vitone viwili tu, kazi imekwisha. Alinyang'anywa kalamu, ikapewa mjukuu anayeandika wasifu huu, kwa kuwa yeye angalau anajua kuitumia.

Basi na iandikwe kama ilivyo. Mazishi yalipangwa saa nane mchana, Jumatano tarehe 6 Machi 2024, na duka la kuchapa lilitaka karatasi hii kabla ya saa nne. Kwenye meza ya chumba cha nyuma alisimama mpiga ngoma wa jeshi la zamani, kimo chake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, koti la bluu, vifungo kumi na sita, ngoma kiunoni. Mahali pa macho palikuwa na rangi tupu ya ngozi. Marehemu aliomba asiwekwe ardhini kabla askari huyo hajapata macho. Mkono ulioweza kazi hiyo ulikuwa mmoja tu, na mwenye mkono huo hakuwa amekanyaga nyumba hii tangu mwaka 2014.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Meno, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1951, nyumba ya tatu kutoka kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa baba seremala. Siku hiyo ilinyesha mvua ambayo haijarudi tena. Mkunga alifika ameketi juu ya mlango unaoelea, akipiga kasia kwa sufuria. Mtoto alitoka na ngumi ya kulia imefumbwa, akakataa kuifumbua siku tatu. Alipoifumbua, ndani mlikuwa na kijiti cha mbao, tena kimeshapigwa msasa. Dada yake anasema hapakuwa na mvua wala kijiti. Dada yake alikuwa na miaka miwili na alikuwa amelala. Anayebisha zaidi akamuulize mkunga, ambaye naye alishatangulia.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966. Hesabu alizipita kwa mbali, yaani yeye upande huu, hesabu upande ule. Lakini akiwa darasa la tano alimfinyanga mwalimu mkuu kwa udongo, na tumbo lake lote, na ule mkono wa nyuma aliofichia fimbo. Mwalimu mkuu alikichukua kile kidude kwa hasira, akaahidi adhabu, na adhabu haikuja. Kidude kilikaa mezani kwake mpaka alipostaafu.

Januari 1970 aliajiriwa hospitali kufagia. Chumba alichopenda kufagia kuliko vyote ni kile cha kutengenezea meno ya bandia, na alikifagia mara sita kwa siku, mpaka mkubwa wa chumba akachoka kuinua miguu na kumpa stuli. Mwaka 1972 aliandikishwa rasmi, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa. Alikuwa anamwambia mgonjwa acheke, anatazama, kisha anachanganya rangi sita kupata jino moja. "Hakuna jino jeupe," alikuwa akisema. "Jeupe ni sahani." Wengi mtakaotabasamu leo mtatabasamu na kazi yake, na hatutawataja.

Ndoa yake ilitokana na jino. Mwaka 1975 msichana mmoja alivunja jino la mbele kwa kufungua chupa baada ya kubishiwa kwamba hawezi. Fundi akamtengenezea lingine. Msichana akarudi wiki iliyofuata, akasema linabana. Akarudi tena, linacheza. Mara ya nne fundi aliweka koleo chini, akasema, "Dada, hilo jino halina kosa lolote." Msichana akamjibu, "Najua. Nilikuwa nangoja na wewe ujue." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Novemba 1976. Jino lipo mpaka leo, na halijawahi kubana hata siku moja.

Alipostaafu mwaka 2011, wenzake walimpa sanduku. Juu palikuwa na picha ya mpiga ngoma, ndani vipande mia moja na kumi na viwili vimeshikana kwenye fremu za plastiki, na karatasi ya maelekezo katika lugha ambayo hakuna aliyeitambua. Mkewe alidhani ni sahani zimevunjika. Marehemu aliosha kila kipande kwa sabuni ili kutoa mafuta ya kiwandani, akavikata kimoja kimoja kutoka kwenye fremu, akavigundisha, akasugua maungio kwa msasa, akaziba nyufa kwa dawa ileile aliyotengenezea meno ya bandia. Kisha akapaka rangi ya msingi, ya kijivu, ili makosa yote yajitokeze. Alisema binadamu nao wangepakwa kijivu kabla ya kuoana.

Kichwa alikipaka peke yake, kimechomekwa kwenye kijiti ndani ya kikombe. Ndiyo maana msoma mita wa umeme alimiminiwa chai juu ya kichwa cha askari, akanywa nusu nzima kabla ya kuona pua. Tangu hapo bili yetu ikawa inasukumiwa chini ya mlango.

Katika kazi hiyo hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki, mchoraji wa mabango ya maduka, aliyeitwa Mabango. Kila Jumamosi waliketi bega kwa bega, taa moja, miwani minne, maana kila mmoja alikuwa na ya mbali na ya karibu. Walipatana kwa kila kitu isipokuwa macho. Mabango alishika kwamba macho huchorwa kwanza; ukikosea, unasahihisha ukingo kwa rangi ya ngozi. Marehemu alishika kwamba macho ni ya mwisho, kwa sababu ukimpa askari macho mapema atakuona unavyokosea.

Jumamosi tarehe 13 Septemba 2014 marehemu aliitwa hospitali kurekebisha meno ya mzee aliyeshindwa kula. Alikaa huko saa mbili. Aliporudi, askari alikuwa na macho. Mkewe aliyaona kabla yake, na hakuyasahau: askari alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje ya mlango. Marehemu alivuta taa karibu, akavaa miwani yake ya karibu. Kisha akachovya pamba kwenye spiriti, akayafuta.

Mabango alisema, "Haya." Akakusanya brashi zake, akaondoka.

Kuanzia hapo, kila aliyeuliza askari atapata macho lini, aliambiwa koti halijakauka. Vifungo alivipaka upya mara kumi na moja. Kamba za ngoma alizibadilisha kwa uzi wa kushonea, kisha kwa uzi wa meno. Koti lilitiwa kivuli kwenye mikunjo, likatolewa, likatiwa kingine. Miaka tisa halikukauka. Mkewe alianika nguo za watoto watatu na wajukuu wanane kwenye nyumba hiyo, hakuwahi kukutana na kitambaa kama hicho, tena cha plastiki. Lakini alinyamaza. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu alikuwa amejipiga mwenyewe.

Juni 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, akampa vidonge vya asubuhi na jioni. Alivimeza bila kubisha, jambo ambalo lilimtisha mkewe kuliko ugonjwa. Kufikia Januari mwaka huu hakuweza kushika kijiko. Siku moja, mkewe akimlisha, alisukuma kijiko pembeni.

"Yalikuwa mazuri," alisema.

"Nini?"

"Macho. Yalikuwa mazuri kuliko ambavyo ningeweza mimi."

"Nilijua. Koti gani linakauka miaka tisa?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema, "Mwiteni. Msinizike kabla hajaja. Mkiona anajigamba, mfukuzeni, lakini amalize kwanza."

Aliaga dunia Jumapili tarehe 3 Machi, saa kumi alasiri, kitandani kwake, dakika chache baada ya kumkosoa mkewe jinsi alivyofunga pazia. Hakuumia. Dirisha lilikuwa wazi.

Jumatatu dereva alipeleka ujumbe. Alimkuta Mabango juu ya ngazi, anachora ukuta wa duka la dawa. Alimweleza yote kutoka chini, kuhusu kifo, macho, na maneno ya mgonjwa, hata yale ya kujigamba. Mabango alisema, "Poleni sana." Akachovya brashi, akaendelea na herufi yake. Hakusema anakuja, hakusema haji. Jumanne ikapita. Na leo ni Jumatano, na hapo ndipo kalamu ya wino ilipotoka mfukoni.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, dada mmoja asiyeamini mvua, na vinywa visivyo na idadi.

"Na rafiki mmoja," alisema mjane. "Andika."

"Mama, rafiki gani?" Binti mkubwa aliweka kikombe chini. "Miaka tisa na nusu. Ameambiwa tangu juzi, yuko mtaa wa pili, wala hana mguu mbovu. Ukimwandika humu, watu watamtafuta kwa macho pale makaburini, hawatamwona, na aibu itakuwa yako."

"Aibu nimeizoea. Nimeishi na baba yako."

"Saa nne kasoro robo," alisema dereva. "Mama, niruhusu tu. Nitachora polepole."

"Mguse uone."

"Sasa azikwe vipi, na aliomba?" dereva akauliza.

Mjane alimfuta askari vumbi begani kwa ncha ya kanga. Kisha akamwambia mjukuu amalizie karatasi, imfikie mchapaji, mengine yatajulikana mbele ya safari.

"Andika hivi. Lala salama, Fundi. Kazi uliifanya, mikono imetulia, na hakuna anayekudai…"

"Anadaiwa macho," alisema binti, "na huyo mtu wako, mama, nakuapia, hata akisikia kwamba…"

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mabango aliingia na ovaroli yenye rangi ya duka la dawa, miwani miwili shingoni, brashi tatu zimefungwa kwenye kitambaa safi. Alivuta stuli, akaketi upande wake wa zamani, akamgeuza askari taratibu kumwelekeza dirishani.

"Shemeji," alisema, "sogeza taa."